Ufagio wa Msafiri

Wazee wetu waliposema kwamba mgeni ni siku mbili, na siku ya tatu apewe jembe, hawakukusudia kumfukuza mgeni. Siku hizi methali hiyo hutumiwa kumcheka mtu aliyekawia ugenini, kana kwamba maana yake ni "Ondoka." Mimi naisoma vingine. Mgeni aliyekabidhiwa jembe amekaribishwa zaidi ya mgeni aliyeandaliwa kiti. Mwenye kiti hupewa chai na kuulizwa habari za njiani. Mwenye jembe huonyeshwa shamba, akaambiwa kwamba mpaka ni ule, kisima ni kile, na pale penye kichaka asipeleke mguu kwa sababu ya nyoka. Wa kwanza huondoka akiwa ameona uso wa nyumba. Wa pili huondoka akijua nyuma yake kuna nini.

Nataka kusema nawe, msomaji, juu ya jembe moja ambalo vijana wa nchi hii hulikataa kwa haya, na wazazi wao hulikataa kwa hasira. Jembe lenyewe ni ufagio, na shamba lenyewe ni hosteli ya wasafiri.

Kuna desturi iliyoenea katika nchi nyingi, kwamba kijana asiye na fedha za malazi huenda mahali anapotamani kupaona, akapatana na mwenye hosteli kufanya kazi saa chache kwa siku. Atafagia, atapiga deki, atatandika vitanda, ataosha masufuria, atakesha mlangoni kuwapokea wageni waliochelewa. Na badala yake atapewa kitanda na chakula. Saa zinazobaki ni zake, na siku za mapumziko ni zake, aende mlimani, msituni au ziwani apendavyo. Vijana wa Ulaya na Australia wameziona nchi nyingi kwa njia hiyo, hata wale ambao baba zao wana mali. Lakini mtajie jambo hilo kijana wa Kenya aliyemaliza shule, naye atakutazama kama mtu aliyetukanwa.

Mtazamo huo naujua, kwa kuwa niliuona usoni mwa mjomba wangu. Nilipomaliza kidato cha nne nilikuwa na miezi mingi ya kungoja kabla ya kuitwa chuo cha ualimu. Nikapata nafasi ya majuma sita katika hosteli moja chini ya Mlima Kenya, upande wa Naro Moru: saa tano za kazi kwa siku, siku sita kwa juma, kwa kitanda na milo mitatu. Mjomba, ambaye ndiye aliyenilipia karo, aliposikia habari hiyo aliweka kikombe chake chini.

"Mwanangu," akasema, "miaka minne nimeuza maziwa ili ukapige deki nyumba za watu?"

"Mjomba, nataka kuuona mlima."

"Mlima unaonekana kutoka hapa mlangoni."

Na ilikuwa kweli, siku zisizokuwa na mawingu. Walakini jibu hilo la mjomba, ambalo lina wafuasi wengi hata miongoni mwa watu waliosoma, nimekuwa nikilipinga moyoni tangu siku ile, na leo nalipinga hadharani.

Sisi walimu twawafundisha wanafunzi mabwawa ya Mto Tana: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere. Mwanafunzi huyakariri kwa taratibu yake, akapata alama zote. Muulize maji hayo yatoka wapi, atakujibu bila kusita kwamba yatoka Mlima Kenya na milima ya Nyandarua. Muulize kama amewahi kutia mkono wake katika kijito kimojawapo, naye atacheka, maana swali hilo halimo katika mtihani. Taa anayosomea huwashwa kwa nguvu za maji asiyoyajua, naye twamwita msomi wa jiografia.

Maji ya upande nilikokaa mimi hayaendi Tana. Huteremka magharibi na kaskazini, yakaingia Ewaso Ng'iro, yakapita Laikipia mpaka kwa wafugaji wa Samburu na Isiolo. Na katika miaka ya ukame mto huo hukauka kabla ya kuwafikia. Hayo nilikuwa nimeyasoma darasani nikayasahau. Niliyajua siku nilipotumwa kuzibua bomba la hosteli lililokuwa limezibwa na majani, nikafuata mto kwa mwendo wa nusu saa, nikaona mabomba ya mashamba yamepangana kando yake kama ndama wengi wanaonyonya ng'ombe mmoja. Tangu siku ile sijapata kuwalaumu watu wa chini wanaogombania maji kabla ya kuuliza watu wa juu wamechota kiasi gani. Hakuna kitabu kilichonifunza hivyo. Nilifunzwa na bomba lililoziba, nami nililizibua kwa sababu ilikuwa zamu yangu.

Kisha kuna mlima wenyewe. Mlima Kenya una tabia ya kujionyesha alfajiri, na ikifika saa nne asubuhi aghalabu umekwisha kujifunika. Mgeni aliyelipa huja kwa gari alasiri, akalala kwa uchovu, akaamka saa mbili, akanywa chai, akatafuta simu yake apige picha, na mlima umekwenda zake. Mtu wa ufagio aliyeamka saa kumi na moja kuwasha jiko la kuni huuona kila siku. Vilele vya Batian, mita 5,199, na Nelion, mita 5,188, hutokea kwanza kama doa jeusi katika anga la kijivu, na jua likivigusa huonekana vi karibu sana, kama vimesimama nyuma ya banda la kuni. Nimeona wageni wakitoka mlangoni na kuuliza, "Mlima uko upande gani?" nami nikiwa na majivu mikononi nimeushiba.

Siku yangu ya kwanza ya mapumziko nilikwenda mpaka lango la hifadhi tu. Juma lililofuata nikajiunga na wapagazi nikafika Met Station, penye mita 3,050, katika msitu wa mianzi ambamo mbega hukutazama kutoka juu na kinyesi cha tembo bado kinafuka mvuke. Mara nyingine tukalipita lile kinamasi la mteremko ambalo humvua mtu buti zake, tukafikia mahali penye lobelia kubwa zinazoweka maji katikati ya majani yake; usiku maji hayo huganda juu, na kwa kuganda hulikinga chipukizi lililo chini lisife kwa baridi. Katika juma la tano niliruhusiwa kufuatana na msafara mmoja, nikibeba sehemu ya mzigo, nikafika Lenana, mita 4,985. Wageni wawili wa msafara ule, waliotoka Nairobi siku mbili tu zilizotangulia, walishikwa na maumivu ya kichwa wakatapika, ikabidi mmoja ateremshwe usiku, kwa sababu dawa ya kweli ya ugonjwa ule ni kushuka. Hawakuwa dhaifu kuliko mimi. Walikuwa na fedha nyingi na siku chache. Mimi nilikuwa na siku nyingi.

Huko juu nilionyeshwa mto wa barafu uitwao Lewis, na mwongoza njia akanyoosha kidole mbali sana na barafu ilipoishia, akasema, "Nilipoanza kazi ilifika pale." Wataalamu waliopima wanasema kwamba tangu 1934 hadi 2010 ujazo wa barafu ile ulipungua kwa karibu asilimia 90. Kijana anayesema kwamba ataiona akishapata kazi nzuri na gari, na afanye haraka kupata hiyo kazi.

Wako watu watakaokuambia kwamba kupanda milima ni mchezo wa Wazungu. Neno hilo nimelisikia mara nyingi, na kila mara kutoka kwa mtu ambaye hakuuliza nani alibeba mizigo. Halford Mackinder aliyefika kilele cha Batian Septemba 1899 alitanguliwa na kufuatwa na wapagazi wengi wa Kiswahili na wa Kikuyu. Vitabu vikahifadhi jina lake na majina ya wenzake wawili wa Ulaya waliofika naye kileleni. Vilele vyenyewe vina majina ya viongozi wa Kimaasai. Na usiku ule wa Desemba 1963, uhuru ulipofika, aliyeipandisha bendera ya Kenya mlimani kule alikuwa Kisoi Munyao, mwana wa nchi hii. Mlima huo basi si wa Wazungu. Tumeuacha tu, kama mtu anayeliacha shamba lake kisha akashangaa kumwona jirani akilima.

Tena fikiri habari ya wafungwa wa vita. Mnamo Januari 1943 Waitalia watatu, mmoja wao Felice Benuzzi, walitoroka kambi ya Nanyuki wakiwa na vifaa walivyojitengenezea wenyewe. Hawakutoroka waende kwao, kwani vita vilikuwa kila upande. Walitoroka ili waupande ule mlima waliokuwa wakiutazama kupitia waya wa kambi. Wawili wakafika Lenana, kisha wote watatu wakarudi wenyewe kambini wakafungwa tena. Waliuza uhuru wao mdogo wapate kuuona mlima. Nawe uliye huru, uliyekwisha kufanya mtihani, umeketi jiwe moja na wenzako kando ya barabara tangu Desemba mpaka Machi, mkihesabu matatu.

Narudi kwa aibu ya ufagio, maana ndiyo adui mkubwa. Aibu hiyo haikutoka kwa wahenga, waliompa mgeni jembe. Yatoka kwetu sisi walimu. Katika shule zetu nyingi mwanafunzi aliyechelewa hupewa ufagio; aliyepiga kelele hupewa dekio; aliyekosa adabu hutumwa kusafisha vyoo, huku wenzake wenye adabu wakisoma. Miaka minne twamfundisha kwamba usafi ni adhabu ya wajinga, halafu akimaliza twamlaumu kwa kuchagua kazi. Nami nimelitenda kosa hilo, nikiwa na chaki mkononi na madaraka kichwani, kabla ya kukumbuka nilivyofundishwa na dekio la Naro Moru.

Haya, tazama hosteli zenyewe zilikoanzia. Hazikuanzishwa na tajiri wala na mfanyabiashara, ila na mwalimu wa shule. Mwezi wa Agosti 1909, Richard Schirrmann, mwalimu katika mji wa Altena huko Ujerumani, alikuwa safarini kwa miguu pamoja na wanafunzi wake, wakashikwa na mvua kubwa ya radi. Wakapata hifadhi katika shule ya kijiji, wakalala juu ya majani makavu. Mwalimu hakupata usingizi. Akawaza kwamba shule zote za nchi hukaa tupu wakati wa likizo, na watoto wa miji ya viwanda wanakua bila kuziona mbuga na misitu kwa kukosa mahali pa kulala. Mwaka 1912 hosteli ya kudumu ikafunguliwa katika ngome ya Altena. Huko Uingereza, ambako chama cha hosteli kiliundwa 1930, ilikuwa desturi kwa miaka mingi kwamba kila mgeni apewe kazi ndogo asubuhi kabla ya kuondoka: huyu afagie ngazi, yule amenye viazi. Mwana wa mwanasheria alimenya viazi pamoja na mwana wa mchimba makaa. Ufagio ulikuwa sehemu ya ukaribisho, wala hakuna aliyeulizwa ana cheti gani.

Kwa wasichana aibu hii huongezwa hofu, na hofu hiyo ina msingi. Msichana aulize kama bweni la wanawake lina kufuli ya ndani, aende na mwenzake, na nyumbani wajue alipo. Lakini mzazi anayemruhusu mwanawe wa kiume aende bila kuuliza hata jina la mahali, kisha akamkataza binti kwa kisa cha usalama, asiseme kwamba anajali usalama.

Laiti ningeweza kuishia hapa. Sina haki ya kukutuma huko bila kukusimulia jambo lililobaki.

Katika hosteli ile palikuwapo mama mmoja wa pale kijijini aliyekuwa akifua shuka na kutandika vitanda kwa ujira wa siku. Yeye ndiye aliyenifundisha kukunja shuka kwa mikono miwili bila kuiburura chini. Katika juma la tatu sikumwona tena, nikadhani ni mgonjwa. Mpishi ndiye aliyenieleza, huku akimenya viazi bila kuinua macho. Mwenye nyumba alikuwa amehesabu kwamba mikono yangu na ya kijana mwenzangu aliyetoka Kisumu yatosha kwa kazi ile, nasi hatumgharimu ila ugali. Mama yule akaambiwa apumzike mpaka wageni wazidi.

Ningeweza kuondoka siku ile, au hata kuuliza. Sikuondoka wala sikuuliza. Nilikuwa bado sijafika Lenana.

Nilimkuta siku chache kabla ya kurudi kwetu, sokoni Naro Moru, akiuza vitunguu kwa mafungu. Nikamwamkia, naye akaitikia bila kinyongo, akaniuliza kama nilifika juu.

"Nilifika, mama."

"Huko kukoje?"

Nikamweleza kadiri nilivyoweza, habari za lobelia na za barafu. Alinisikiliza kwa makini kama mtu anayesikia habari za ng'ambo. Alikuwa amezaliwa chini ya mlima ule na hajapata kulipita lango lake.

Nimelifikiri jambo hilo miaka mingi, na sasa naweza kulisema bila kigugumizi. Kazi ndogo ya kila mgeni, kama ile ya viazi, haimnyang'anyi mtu chochote. Bali mwenye hosteli anayejisifu kwamba anawasaidia vijana kuiona nchi yao, na huku anapunguza mishahara ya majirani zake, afanya biashara kwa ufukara wa watu wawili kwa pigo moja: mmoja amnyima ujira, na mwingine amlipa mandhari. Na kijana anayekubali kwa kuwa anautamani mlima, kama nilivyokubali mimi, ni mshiriki wake. Umaskini wake haumtoi katika hesabu hiyo, kwa sababu yupo aliye maskini kuliko yeye.

Kazi za kumfaa msafiri zipo bila ya kugusa chungu cha mtu. Usiku wa msimu wa likizo mlango wahitaji mtu wa pili. Njia za miguu huharibiwa na mvua na hazina mwenye kuzitengeneza. Watoto wa wafanya kazi wahitaji mtu wa kuwasomesha hesabu jioni. Shule za kijiji zina wanafunzi ambao, kama mama yule, hawajapita lango, na kijana aliyekwisha kupanda aweza kuomba ruhusa awatangulie mpaka Met Station pamoja na mwongoza njia na mwalimu wao. Mwenye hosteli mwenye akili atakuona una thamani kuliko mashine ya kufulia. Na kama atataka ukae miezi mitatu au zaidi kwa utumishi, jua kwamba Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yataka mapatano ya muda huo yaandikwe. Anayekuambia, "Kaa nusu mwaka, chakula kipo," hatafuti mgeni.

Basi subiri upate kitambulisho chako, kwani neno hili si la mtoto wa shule, kisha uende. Chukua sweta mbili na buti zilizokwisha kuvaliwa. Usipande peke yako hata siku moja. Na kabla ya kuupokea ufagio, muulize mwenye nyumba kwa adabu: kazi hii ilikuwa ikifanywa na nani kabla yangu, naye yuko wapi sasa? Uliza mbele ya mpishi, ikiwezekana, kwa maana wapishi hujua. Akikujibu vyema, piga deki mpaka sakafu ing'ae, ulale mapema, uamke kabla ya jua. Akikasirika, chukua shanta lako. Barabara ya Nanyuki ina nyumba nyingine.